Ikawaje, Kwa Nini, Umejuaje: Kumfunza Mtoto Mdogo Kutenganisha Hadithi na Maoni



1. Utangulizi

Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana ndogo mno kwa ukumbi wa chuo kikuu. Tumezoea kujadili hapa usanifishaji, lahaja, istilahi na lugha ya kufundishia. Leo naomba tuteremke hadi kwenye mkeka wa darasa la awali na dawati la darasa la kwanza, tumsikilize mtoto wa miaka sita anapoulizwa swali baada ya kusimuliwa hadithi.

Mwalimu husimulia, watoto husikiliza, kisha huulizwa: “Mnaonaje, papa alifanya vizuri?” Majibu huja kwa namna mbili. Mtoto wa kwanza huanza: “Papa akamwambia kima, akambeba, wakaenda...” Huyo ameulizwa anaonaje, naye amerudia kisa. Watoto wengine hujibu kwa pamoja, kwa sauti ya kukariri: “Tunajifunza kwamba tusiwe na marafiki wabaya!” Hao wametoa kauli inayofanana na maoni, lakini hakuna hata mmoja aliyeifikiria. Wameikuta tayari.

Hoja yangu ni kwamba majibu hayo mawili yana chanzo kimoja. Shuleni hatumfundishi mtoto kwamba kusimulia ni tendo moja na kutoa maoni ni tendo jingine, na kwamba kila tendo lina wajibu wake. Nitajaribu kuonyesha kuwa Kiswahili kina zana za kumsaidia mtoto katika jambo hili; kwamba sehemu kubwa ya zana hizo iko katika sarufi anayoisikia kila siku; na kwamba tusipozitumia mapema hasara yake haiishii darasani.

2. Maneno tunayoyatumia

Tuanze na istilahi, kwa kuwa baadhi ya utata umo ndani ya maneno yenyewe. Neno “hadithi” tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni mazungumzo au habari. Katika Kiswahili neno hilo lina nyuso mbili. Hadithi za Mtume ni mapokezi yanayohifadhiwa kwa uangalifu mkubwa pamoja na majina ya waliopokezana. Hadithi ya sungura na fisi ni jambo la kubuni. Mtoto wa pwani anayetoka chuoni alasiri na kukaa na bibi yake usiku hukutana na maana zote mbili kwa siku moja. Si ajabu akiuliza, “Bibi, hii ni ya kweli?” Swali hilo ni la kitaalamu kuliko tunavyodhani, na halistahili kujibiwa kwa kicheko.

“Maoni” nayo hutokana na kitenzi “kuona”. Jicho na akili vimepewa kitenzi kimoja. Mtu akisema “naona mvua inanyesha kule kisiwani”, anatoa ushahidi wa jicho. Akisema “naona mvua itanyesha”, anatoa makisio. Akisema “naona afadhali tusiende”, anatoa rai. Mtu mzima hupita katika maana hizo tatu bila kujikwaa. Mtoto huhitaji kuonyeshwa kwamba “kuona” kwa kwanza kunaweza kuthibitishwa na yeyote atakayetazama, na kwamba “kuona” kwa tatu kunadai sababu.

Kuna pia tanzu ambazo jadi yetu imeziweka mpakani. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi katika jarida la Mulika, aliorodhesha mbazi miongoni mwa masimulizi ya kihadithi. Mbazi ni kisa kifupi kinachotolewa katikati ya maongezi kama kielelezo, aghalabu kwa kumkanya mtu. Msemaji wa mbazi anasimulia, lakini analolitaka ni kushawishi. Kwa hiyo mpaka ninaouzungumzia hauko kama ukuta, na wazee wetu walijua hivyo. Hiyo ndiyo sababu ya kumfundisha mtoto autambue: anayeujua mpaka hutambua pia pale unapovukwa.

3. Sarufi ya kusimulia na sarufi ya kutoa rai

Sikilizeni sentensi hii: “Kima alikaa juu ya mkuyu, akachuma tunda, akalitupa majini, papa akaja, akalila.” Njeo ya -li- imeweka jukwaa mara moja tu. Baada ya hapo kiambishi -ka- kimeyabeba matukio moja baada ya jingine, kila moja likisubiri lililotangulia. Ukibadili mpangilio, umebadili kisa. Hata mwito wetu wa kufungulia hadithi umejengwa kwa umbo hilo: fanani husema “Paukwa!” na hadhira huitika “Pakawa!” Kabla mhusika yeyote hajatajwa, mtoto ameshaambiwa kwa -ka- kwamba tunaingia katika mfululizo wa matukio.

Sasa sikilizeni hii: “Papa si rafiki wa kweli. Kima ni mwerevu. Ingefaa kima asipande mgongoni mwa papa.” Hapa -ka- imetoweka. Tuna “ni” na “si”, vinavyoainisha na kuhukumu. Tuna “ingefaa”, na kitenzi kinachoishia kwa -e, “asipande”, kinachotaja jambo linalotakiwa badala ya lililotukia. Sentensi hizo tatu zaweza kupangwa upya bila kuharibu chochote, kwa maana hazifuatani kwa wakati. Kinachozishikilia ni sababu.

Kutokana na tofauti hiyo tunapata jaribio ambalo hata mtoto wa miaka mitano analimudu. Mtu akisimulia, msikilizaji huuliza, “Ikawaje?” Mtu akitoa maoni, msikilizaji huuliza, “Kwa nini?” Jaribuni kubadilisha. Mtu akisema “Kima ni mwerevu”, ukimuuliza “Ikawaje?”, atakushangaa. Swali haliingii, kama ufunguo usio wa kitasa hicho.

Lazima niongeze tahadhari mbili. Kwanza, -ka- haisemi kama jambo ni la kweli au la kubuni. Shahidi wa ajali barabarani husema “gari likaja, likamgonga”, na msimulizi wa ngano husema “simba akanguruma” kwa umbo hilohilo. Ili kutenga habari na ngano twahitaji swali la tatu: “Umejuaje?” Pili, si watoto wote wanaofika shuleni na Kiswahili. Wengi wa bara huanza na lugha nyingine nyumbani. Hata hivyo, lugha nyingi za Kibantu zina umbo maalumu la kitenzi cha masimulizi, na mwalimu anayeijua lugha ya mahali alipo anaweza kuanzia hapo.

Zaidi ya vitenzi tuna vijineno ambavyo vitabu vya sarufi huvipitia haraka. Mtoto akisema “Eti mwalimu mkuu anahama”, neno “eti” linatangaza kwamba ameambiwa na kwamba yeye mwenyewe hadhamini. Akisema “Labda anahama”, anakisia. Akisema “Kumbe anahama!”, anakiri kwamba alidhani vingine. Ndani ya “eti”, “labda” na “kumbe” mna somo zima la vyanzo vya maarifa, na mtoto hulipata uwanjani akicheza. Cha kusikitisha ni kwamba akianza kuandika tunamfutia “eti” kwa wino mwekundu, kwa madai kuwa ni lugha ya mitaani, wala hatumpi neno jingine la kufanya kazi ile.

4. Umri unaofaa

Je, hatumtwishi mtoto mzigo mapema mno? Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha utafiti ambao umerudiwa mara nyingi tangu hapo. Watoto walisimuliwa kisa cha mvulana aitwaye Maxi, aliyeweka chokoleti yake katika kabati moja akatoka nje. Asipokuwapo, mama yake akaihamishia kabati jingine. Watoto wakaulizwa: Maxi akirudi ataitafuta wapi? Wadogo wa miaka mitatu walitaja kabati ilimo sasa, kana kwamba wanalolijua wao Maxi naye lazima alijue. Wengi wa wale wa miaka sita na kuendelea walijibu kwamba ataitafuta pale alipoiweka.

Jibu hilo la pili ndilo mlango wa maoni. Asiyeweza kufikiri kwamba kichwani mwa mwenzake mna picha tofauti na yake hawezi kuelewa maana ya “mimi naona hivi, wewe waona vile”. Mwenye uwezo huo yuko tayari kufundishwa. Angalieni jinsi Kiswahili kinavyolisema jambo hili kwa sentensi moja: “Nilidhani ni nyoka, kumbe ni kamba.” Imani isiyo sahihi na ukweli vimekaa bega kwa bega. Umri wa elimu ya awali hadi darasa la pili, basi, ndio wakati wake. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na kwa haki kabisa. Ninalopendekeza halihitaji somo la nne. Lawezekana ndani ya kusoma na kusikiliza.

5. Mfano: Kima, papa na punda wa dobi

Naomba tuchukue hadithi moja tuifanyie kazi. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizozipata Zanzibar, na mojawapo ni kisa cha punda wa dobi. Mizizi yake inafika hadi visa vya Kihindi vilivyoingia katika Kiarabu kupitia Kalila wa Dimna, lakini pwani yetu imeifanya kuwa yake.

Kima na papa walifanya urafiki. Siku moja papa akamwalika kima kwao, akampakia mgongoni. Walipofika mbali baharini papa akamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa, na kwamba dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba kima huacha mioyo yao mitini, hivyo warudi wakauchukue. Papa akarudi, kima akaruka juu ya mti, akakataa kushuka. Alipoitwa tena, akamsimulia papa kisa cha punda: jinsi sungura alivyompeleka kwa simba kwa hila, punda akajeruhiwa na kukimbia, kisha akadanganywa mara ya pili akarudi, akauawa. Simba alipoulizia moyo na masikio, ambavyo sungura alikuwa amekwisha kuvila, sungura alijibu kwamba punda yule hakuwa navyo. Angekuwa navyo asingerudi.

Hebu tutazame utajiri uliomo. Kisa cha nje ni hadithi. Kisa cha punda ni mbazi: kima anasimulia, lakini anachosema ni “sirudi, na sababu yangu ni hii”. Kauli ya sungura ni kitu cha tatu. Ina umbo la habari (“hakuwa na moyo”), imeongezewa sababu kama maoni, na kusudi lake ni kuficha wizi. Mtoto wa darasa la pili akiulizwa “Je, ni kweli punda hakuwa na moyo? Umejuaje?”, hugundua mwenyewe kwamba sababu nzuri inaweza kupachikwa kwenye uongo. Watu wazima wengi hawajapata kupewa somo hilo.

Bado kuna kauli moja ambayo wasimulizi huipita: moyo wa kima ni dawa. Nani alisema? Alijuaje? Kule baharini hakuna aliyeuliza, na papa alikuwa tayari kumtoa rafiki yake kwa ajili ya kauli hiyo. Ndugu zangu, katika nchi hii, hasa Kanda ya Ziwa, kuanzia katikati ya miaka ya 2000 tulishuhudia watu wenye ualbino, wakiwamo watoto, wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya dai kwamba viungo vyao huleta utajiri. Sidai kwamba somo la hadithi lingezuia uhalifu ule. Tamaa na umaskini vina nguvu zao. Nasema tu kwamba dai lile lilisafiri kwa vinywa vya watu, likiwa na sura ya habari, na wengi walilipokea na kulipeleka mbele bila kuuliza swali ambalo mtoto wa miaka saba aweza kufundishwa kuuliza.

6. Tatizo la “hadithi hii inatufundisha nini?”

Swali hili hufunga karibu kila kipindi cha hadithi katika shule zetu. Halina ubaya kwa asili. William Labov na Joshua Waletzky, katika uchambuzi wao wa mwaka 1967 kuhusu masimulizi ya watu wa kawaida, walionyesha kwamba msimulizi husitisha matukio ili aonyeshe kwa nini kisa kinastahili kusimuliwa. Sehemu hiyo waliiita tathmini. Hadithi bila tathmini ni orodha tu. Kuulizia funzo, basi, ni kuulizia tathmini.

Ubaya unaingia pale funzo linapokuwa na jibu moja lililoandikwa katika kiongozi cha mwalimu, likapewa alama ya vema au kosa. Hapo tumegeuza maoni kuwa habari ya kukariri. Mtoto akisema “najifunza kwamba hata rafiki mzuri aweza kulazimishwa na mkubwa wake”, jibu lake linaungwa mkono na kisa, kwa kuwa papa alitumwa kwa ajili ya sultani. Lakini jibu hilo halimo katika kiongozi, na huenda likakatwa. Wiki ijayo mtoto huyo hatajisumbua kufikiri. Atasubiri jibu la darasa zima.

Najua pingamizi lililopo: mtoto akizoeshwa kusema “mimi naona”, hatavunja adabu mbele ya wakubwa? Hofu hii naiheshimu. Jawabu lake limo katika lugha yetu, ambayo ina njia nyingi za kutofautiana kwa staha. “Samahani, mwalimu, mimi naona tofauti kidogo, kwa sababu...” ni kauli yenye adabu kamili. Adabu na ukimya ni vitu viwili, na mtoto anayefundishwa namna ya kusema hujifunza pia namna ya kuheshimu.

7. Mapendekezo kwa mwalimu

Nawajua walimu wenye watoto themanini na zaidi katika chumba kimoja. Kwa hiyo sipendekezi jambo linalohitaji vifaa.

(i) Maswali matatu. Watoto wayazoee kama wanavyozoea salamu: “Ikawaje?” kwa anayesimulia, “Kwa nini?” kwa anayetoa maoni, na “Umejuaje?” kwa anayedai kwamba jambo ni kweli.

(ii) Sikio, kifua na jicho. Mwalimu hutamka sentensi moja moja. Kama imo ndani ya hadithi (“papa alimbeba kima”), watoto hushika sikio. Kama ni maoni (“papa ni mbaya”), huweka mkono kifuani. Kama ni jambo tunaloweza kwenda kulitazama sisi wenyewe (“mkuyu una matunda”), huonyesha jicho. Darasa zima hushiriki kwa wakati mmoja, na mwalimu huona mara moja nani ametatizika. Watoto wakigawanyika, asiharakishe kuwasahihisha. Awaache wabishane kidogo.

(iii) Kiunzi cha sentensi. Kwa wanaoanza kuandika, kiwekwe ubaoni: “Mimi naona ... kwa sababu katika hadithi ...” Sehemu ya kwanza ni ya mtoto, sehemu ya pili ni ya kisa. Hivyo anajifunza kwamba vitu viwili vilivyotengwa vyaweza kuungana, na kwamba maoni yanayosimama juu ya kisa yana nguvu kuliko yanayoelea.

(iv) Maoni mawili kwa kisa kimoja. Kila wiki liulizwe swali lisilo na jibu moja. Kima alimdanganya papa ili aokoe maisha yake; je, alifanya vyema? Wapewe nafasi wanaosema ndiyo na wanaosema hapana. Mwalimu apime sababu, asipime upande.

(v) “Eti” irudishwe darasani. Mtoto anayeleta habari ya kusikia aachwe aseme “eti”, kisha aongozwe taratibu kuelekea “nimesikia kwamba” na “fulani ameniambia kwamba”. Lugha sanifu imjie kama nyongeza juu ya uwezo alio nao.

8. Hitimisho

Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo, kabla hajamaliza shule ya msingi, huenda atashika simu itakayomletea kila asubuhi visa vyenye sura ya habari, rai zenye sura ya ukweli, na uongo uliopambwa kwa sababu nzuri. Hatutakuwa naye kila mara kumwambia lipi ni lipi. Tunachoweza kumpa sasa, angali mdogo na hadithi zikimvutia, ni mazoea ya kujiuliza maswali matatu mafupi. Vyuo vya ualimu vingeweza kuyaingiza mazoezi haya bila gharama kubwa, na sisi wanaisimu tuna deni la kuandika sarufi ya “eti”, “kumbe” na “labda” kwa kina kinachostahili, ili mwalimu awe na pa kuegemea.

Wala mtu asidhani nataka kuipunguzia hadithi utamu wake. Anayejua kuwa anasikiliza hadithi huifurahia zaidi, kwa kuwa hana haja ya kuiogopa. Acheni watoto waitike “Pakawa!” kwa sauti zote walizo nazo. Kisha, hadithi ikiisha, tuwaulize wanaonaje, na tuwe tayari kusikia jambo ambalo hatukulitarajia.